Kupima Kama Familia Itamudu Kuhamia Jiji Ghali
Kabla ya kukubali kazi katika jiji ghali, anzeni na mshahara unaobaki mkononi baada ya kodi ya mapato na makato mengine, kwa sababu kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba hakilipi bili yoyote. Toeni kwanza pango, na hapa msidanganyike: nyumba inayoonekana nafuu pembezoni mwa jiji huweza kuwagharimu nauli za watu wanne kila siku, hivyo jumlisheni pango na usafiri kama gharama moja. Kanuni ya zamani ya kutotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato kwa makazi ni kipimo tu. Familia yenye mtoto mchanga, ambaye malezi yake ya mchana yanaweza kukaribia pango lenyewe, inapaswa kubaki chini ya hapo.

Kisha jaribuni kuishi kwa bajeti hiyo mpya kwa miezi 3 mkiwa bado mlipo, huku tofauti yote kati ya gharama zenu za sasa na za huko mkiiweka akiba. Fedha hiyo italipa amana ya nyumba na usafirishaji wa mizigo. Mkishindwa kuiweka, mtakuwa mmepata jibu mapema. Chunguzeni pia mwenzi ambaye bado hana kazi huko ataipata baada ya muda gani, maana bajeti iliyojengwa juu ya mishahara miwili huyumba mmoja ukichelewa.