Somo: Kutembea Pwani ya Fife na Watoto, kutoka Elie hadi Anstruther

Njia ya Pwani ya Fife, mashariki mwa Uskoti, ina urefu wa kilomita zipatazo 187, lakini familia yenye watoto haina haja ya kuifikiria yote. Kipande ninachokipendekeza ni cha vijiji vya wavuvi kutoka Elie hadi Anstruther, takriban kilomita 10, kwa sababu vijiji hivyo vimekaribiana na vyote vina basi, kwa hiyo mtoto akichoka mnaweza kuishia kijiji kinachofuata bila siku kuharibika.

Hatua ya kwanza: angalieni maji kabla ya mvua. Bahari hapa hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi. Karibu na kanisa la St Monans maji yakijaa hufunika sehemu ya njia, na wapitao hulazimika kufuata njia ya juu. Anzeni safari maji yanapokupwa, kwani ndipo vidimbwi vya miambani hufichuka. Mtoto ainue jiwe taratibu, amtazame kaa akijificha chini ya mwani, kisha alirudishe jiwe kama lilivyokuwa, kwa kuwa viumbe walionata upande wa chini hufa wakiachwa juani.

Hatua ya pili: usafiri. Pandeni treni kutoka Edinburgh hadi Leven, reli iliyofunguliwa upya Juni 2024, kisha basi hadi Elie.

Hatua ya tatu: mavazi. Hata bara kukiwa na jua, hewa ya joto ikipita juu ya Bahari ya Kaskazini iliyo baridi huzaa ukungu unaoweza kuifunika pwani kwa muda mfupi, hasa majira ya kuchipua na ya joto. Kila mmoja awe na koti la kuzuia upepo. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali Juni mwanga hudumu hadi saa nne usiku.

Hatua ya nne: matembezi. Kutoka Elie mtaupita mnara wa karne ya 18 uliojengwa kwa ajili ya Lady Janet Anstruther, aliyependa kuoga baharini, na baadaye magofu ya ngome ya Newark, ambayo hayafai kukaribiwa kwa kuwa yako ukingoni mwa jabali. Mbele ya St Monans kuna kinu cha upepo kilichovuta maji ya bahari hadi kwenye matangi ya kuchemshia chumvi. Pumzikeni hapo, maana ni nadra mtoto kuona kwa macho yake namna chumvi ilivyopatikana. Pittenweem ni bandari ya kazi hadi leo, basi msikanyage nyavu wala kamba. Anstruther kuna Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti, ambayo huokoa siku mvua ikishika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, kigari cha mtoto kitapita?*
Hapana, dada yangu. Kuna ngazi, vivuko vya ua na mawe. Mbebe mgongoni; mbeleko inatosha kabisa.

*Nimesikia kuna minyororo ya kushikilia unapopita miambani karibu na Elie. Mwanangu ana miaka saba.*
Ipo Kincraig, magharibi mwa Elie. Kwa maoni yangu haimfai mtoto wa umri huo. Maji yakijaa hukata njia ya kurudi, na anayenaswa hana budi kupiga 999 na kuomba Walinzi wa Pwani.

*Sisi Waislamu tunaweza kula samaki na chipsi za huko?*
Ulizeni kwanza mafuta, ndugu yangu, kwani baadhi ya maduka ya Uskoti hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe. Swali hilo ni la kawaida, na muuzaji atawajibu bila kuudhika.

*Tutawaona lini pafini, wale ndege wa baharini?*
Pandeni mashua Anstruther kwenda Isle of May kati ya Mei na katikati ya Julai, na wekeni nafasi mapema. Kisiwani msitoke njiani hata hatua moja: ndege hao hulea vifaranga mashimoni, na udongo wa juu ni laini kiasi kwamba mguu wa mtu huubomoa.