Somo: Jinsi ya kuingia mashindano ya programu ukiwa bado shuleni

Swali ninaloulizwa kila mara: "Shule yetu haina klabu ya kompyuta, tufanyeje?" Klabu si lazima. Simu janja, bando la kawaida, daftari na kalamu vinatosha kuanzia.

Hatua ya 1. Fungua akaunti Codeforces, tovuti ya mashindano ya programu; ni bure. Tafuta swali namba 4A. Kuna tikiti maji la kilo w, kuanzia 1 hadi 100. Watu wawili wanataka kuligawa vipande viwili, uzito wa kila kipande uwe namba shufwa; si lazima vilingane. Inawezekana? Wengi hukimbilia kusema w ikiwa shufwa, inawezekana. Wanakwama kwenye tikiti la kilo 2, maana hilo linatoa 1 na 1 tu, zote witiri. Sharti zima, kwa lugha ya programu ya Python, ni hili (w igawanyike kwa 2 bila baki, na izidi 2):

if w % 2 == 0 and w > 2:

Hiyo "w > 2" ndiyo mashindano yenyewe. Kabla hujatuma jibu lolote, pima kwenye daftari namba ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoruhusiwa.

Hatua ya 2. Fanya maswali mepesi mengi kwa Python. Ubishi wa lugha ipi bora waachie wakubwa.

Hatua ya 3. Ingia shindano la moja kwa moja, daraja la Div. 4 au Div. 3, yaani yale mepesi ya wanaoanza. Bahati yetu, saa za Moscow na Dar ni zilezile, na mashindano mengi huanza saa 11:35 jioni. Ila kwa anayesoma Posta na kulala Mbagala, saa hizo bado yuko kwenye daladala! Huyo afanye maswali hayohayo usiku, bila kuhesabiwa alama.

Hatua ya 4. Jaribu USACO. Ni mashindano ya programu ya Marekani lakini mtandaoni yako wazi kwa wote. Unaanzia daraja la Bronze, kisha Silver, Gold na Platinum. Unachagua mwenyewe saa ya kuanza ndani ya siku zilizotengwa, ila ukishaanza muda hausimami hata umeme ukikatika. Chaji laptopu mapema.

Kileleni kuna IOI, olimpiadi ya kimataifa ya programu kwa wanafunzi wa sekondari, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989: siku mbili, saa 5 kila siku, maswali matatu kwa siku. Huko sasa utahitaji lugha ya C++.

MASWALI

Mzazi, Tabata: Mwalimu, binti yangu yuko darasa la saba, hajawahi kuandika programu. Aanzie wapi?

Jibu: Mpe maswali ya Bebras, shindano la kufikiri kikompyuta lililoanzia Lithuania mwaka 2004. Ni mantiki tupu, hayahitaji programu. Akipenda kutengeneza kitu na wenzake, kuna Technovation Girls, shindano la kutengeneza app kwa wasichana wa miaka 8 hadi 18.

Kidato cha tatu, Temeke: Shikamoo mwalimu. Jibu langu ni sahihi lakini naambiwa muda umezidi. Nihamie C++?

Jibu: Marahaba. Bado. Una lupu (amri inayojirudia) ndani ya lupu? Namba zikiwa 200,000, hiyo ni mizunguko bilioni 40, na hata C++ haikuokoi. Jaribu kuzipanga kwanza kwa sort, halafu upite mara moja tu.

Mdau, Kigamboni: Kuna hela humo?

Jibu: Kwa kawaida hakuna, ndugu yangu. Codeforces wanakupa alama na rangi ya jina. Ukifika 1200 unatoka kijivu unakuwa kijani, na vijana wanakesha kwa hiyo kijani tu.