Logarithimu na Vizio Vyake: Anza na Kitenge

Wanafunzi wengi wa sekondari ninaowafundisha jioni hapa Kigoma huja wakiwa wamekariri kanuni zote za logarithimu, lakini ukiwauliza logarithimu yenyewe ni kitu gani, hunyamaza. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, chukua kitenge kimoja na ukitandaze mezani.

Kikunje katikati, utapata tabaka 2. Kikunje tena katikati, tabaka 4. Kisha 8, kisha 16, na mkunjo wa tano utakupa 32. Kuuliza logi (kifupi cha logarithimu) ya 32 katika kizio 2 ni kuuliza kitenge kimekunjwa mara ngapi hadi kufikisha tabaka 32. Jibu ni 5, nasi huandika log₂ 32 = 5, ambayo ni sawa na kusema 2⁵ = 32. Logarithimu, basi, ni kipeo (hapa 5, ile namba ndogo ya juu), na kizio ni namba inayopandishwa kwa kipeo hicho (hapa 2). Ungekuwa unakunja kila mara katika sehemu 3 zilizo sawa, kizio kingekuwa 3, na mikunjo miwili tu ingetoa tabaka 9. Kizio sharti kiwe namba chanya isiyo 1, kwa kuwa 1 hubaki 1 hata ukiizidisha kwa yenyewe mara elfu.

Sasa kikunje mara 3, upate tabaka 8, halafu uendelee mara 2, mikunjo ambayo peke yake ingetoa 4. Tabaka zimezidishana, 8 × 4 = 32, ilhali mikunjo imejumlishwa tu, 3 + 2 = 5. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: log (M × N) = log M + log N. Ukikunjua, unagawanya, na mikunjo inapungua: log (M ÷ N) = log M − log N. Kutokana na kanuni ya kwanza tunapata pia log Mⁿ = n log M. Kitenge kisichokunjwa kina tabaka 1, ndiyo maana log 1 = 0 katika kila kizio; na kwa kuwa hakuna mkunjo unaoweza kukiacha na tabaka sifuri, log 0 haipo.

Kosa ninalolisahihisha karibu kila wiki ni kuandika log (8 + 4) = log 8 + log 4. Katika kizio 2, upande wa kulia ni 5, lakini 12 iko kati ya 8 na 16, hivyo logi yake lazima iwe kati ya 3 na 4.

John Napier alichapisha logarithimu mwaka 1614, na baadaye Henry Briggs akatengeneza majedwali ya kizio 10, ambacho ndicho kinachokusudiwa shuleni pale log inapoandikwa bila kizio. Kizio hiki kinaonyesha upesi ukubwa wa namba: kina kirefu zaidi cha Ziwa Tanganyika ni takriban mita 1,470, namba iliyo kati ya 10³ na 10⁴, na logi yake ni 3.1673. Alama ln hutumia kizio e, ambacho ni takriban 2.718.

Ukitaka kuhama kizio, gawanya logi kwa logi: log₂ 32 = log 32 ÷ log 2, yaani 1.5051 ÷ 0.3010, na jibu ni ileile mikunjo 5.