Kumzoesha mtoto kurudisha simu bila kelele

Mtoto wa miaka minne hadi saba anayejigaragaza kila akiambiwa arudishe simu, mara nyingi kelele zimeshamlipa: alilia, akaongezewa dakika tano. Sasa malipo yaende kwenye kurudisha.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja linaloonekana. "Awe na adabu" halipimiki. "Akiombwa, anaweka simu mkononi mwangu kabla sijahesabu hadi kumi" linapimika.

Hatua ya 2: Kwa siku tatu usibadilishe kitu. Andika tu ameombwa mara ngapi na amerudisha mara ngapi. Kama ni mara moja kati ya tano, usianze kwa kudai zote tano.

Hatua ya 3: Tafuta chupa tupu ya jemu, vizibo kumi vya soda, na zawadi tatu alizozichagua mwenyewe: kusukuma chapati nawe, hadithi ya pili kabla ya kulala, kubebwa mgongoni hadi dukani. Kila akirudisha simu, anapata kizibo kimoja cha kutia kwenye chupa. Mwanzoni vizibo viwili vitoshe kupata zawadi, siku hiyohiyo. Kwa mtoto wa miaka minne, "Jumapili" ni mbali mno.

Hatua ya 4: Mtahadharishe dakika mbili kabla. Muda ukifika, nyoosha mkono, sema mara moja tu: "Nipe simu, mwanangu." Akiiweka, mpe kizibo papo hapo akitumbukize mwenyewe chupani, kigonge chupa akisikie. Sifa itaje tendo: "Umenipa simu nilipoomba, asante." Usiongezee "mbona jana ulinisumbua?", hapo sifa yote imekwisha.

Akigoma, ichukue kwa utulivu, bila hotuba na bila kizibo. Alivyokwisha kuvipata usimnyang'anye kamwe, hata akikosea jambo jingine. Ukimnyang'anya, chupa inageuka fimbo naye ataikimbia.

Siku za mwanzo kelele zinaweza kuzidi. Wengi hukata tamaa hapa, na inasikitisha, kwa sababu mtoto anajaribu tu njia yake ya zamani kwa nguvu zaidi. Ukilegea siku hiyo, umemfundisha kwamba kilio kikubwa ndicho kinacholipa. Bibi, shangazi na dada wa kazi nao waelezwe mapema. Mmoja akimrudishia simu anyamaze, kazi inaanza upya. Biskuti ya kumnyamazisha nayo ni malipo ya kilio.

Hatua ya 5: Akirudisha mara nne kati ya tano kwa wiki nzima, zawadi ipande hadi vizibo vitatu, baadaye vitano, kisha toa kizibo mara mojamoja tu. Akianza kuanguka, umepandisha haraka; shuka ngazi moja. Sifa usiipunguze.