Nenosiri ni sahihi, seva inakataa: itazame saa yake

Hapa Goma umeme hukatika bila kubisha hodi, na seva nyingi ninazoitiwa zimeanguka hivyo. Mfano wangu ni Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili kwenye seva yako) juu ya Debian, aina ya Linux. Amri zote hapa zinaandikwa kwenye terminal ya seva. Ndugu, nakuomba: usikimbilie kusakinisha upya. Nimeona data za watu zikipotea hivyo kwa kosa la dakika tano.

Hatua ya 1. `systemctl --failed` itakuonyesha huduma iliyokataa kuwaka. `journalctl -b -p err` itakupa sababu. Soma kutoka juu, maana kosa la kwanza mara nyingi ndilo lililozaa mengine.

Hatua ya 2. `df -h` itakuonyesha nafasi iliyobaki. Diski ikijaa, hifadhidata haina pa kuandika.

Hatua ya 3. MariaDB, yaani hifadhidata yenyewe, ikichelewa kuwaka, ivumilie, inajirekebisha. Usifute kitu ndani ya `/var/lib/mysql`. Ikibidi kugusa, simamisha huduma, unakili folda nzima kwanza.

Hatua ya 4, saa. Katika kituo kimoja cha afya mtaa wa Himbi, ukurasa ulifunguka vizuri, muuguzi akaandika nenosiri sahihi, lakini zile namba sita za uthibitisho wa pili, zinazotolewa na programu ya kwenye simu, zikakataliwa mara tatu. Nikaandika `timedatectl`. Seva ilisema saa nne usiku. Simu yake, saa moja asubuhi. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa kompyuta ilikuwa imekufa, hivyo umeme uliporudi Debian ilianzia kwenye saa iliyohifadhi mara ya mwisho, na intaneti ya kuisahihisha haikuwepo. Namba zile hubadilika kila sekunde 30: seva ilikuwa inangoja za jana usiku. Tarehe ilikosea kwa siku moja tu, nani angeishuku?

Hakikisha kwanza ukanda wa saa (time zone) ni `Africa/Lubumbashi`, ndio wa huku Goma, la sivyo saa utakayoweka itapotoka. Kisha `timedatectl set-ntp false`, halafu `timedatectl set-time "..."`, ukijaza tarehe na saa ya simu. Rudisha `set-ntp true`, ubadilishe betri.

Hatua ya 5. Ukiambiwa anwani haiaminiki, huenda ruta imeipa seva anwani mpya. Iongeze kwenye `trusted_domains` ndani ya `config.php`. Ukurasa ukisema uko kwenye matengenezo, ingia folda ya Nextcloud, andika `sudo -u www-data php occ maintenance:mode --off`.

Kubadilisha nenosiri kwa `occ user:resetpassword` (`occ` ni chombo cha amri cha Nextcloud) iwe hatua ya mwisho kabisa. La yule muuguzi hatukuligusa.