Kuwinda na bunduki ya leva: mambo ya kushika

Kwanza kabisa risasi, maana hapa ndo watu wanachezea hatari. Bunduki nyingi za leva, yaani zile zenye mkono chini ya kifyatulio unaousukuma na kuurudisha ili kuingiza risasi mpya, kama Winchester 1894 au Marlin 336, magazini yake ni bomba chini ya mtutu, risasi zinalala moja nyuma ya nyingine, yaani ncha ya hii inagusa fataki (kile kitufe cha kwenye kitako kinachogongwa ili risasi iwake) ya ile ya mbele yake. Sasa ukiweka yenye ncha kali ngumu, bunduki ikipiga teke risasi inaweza kulipuka humohumo ndani. Tumia za kichwa bapa, au zile zenye ncha laini ya plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya leva, basi.

Leva yenyewe usiibembeleze. Isukume mpaka mwisho, irudishe mpaka mwisho, bunduki ikiwa bado begani, ukiivuta nusunusu ganda linakwama na mnyama ndo huyooo kashatokomea. Fanya mazoezi nyumbani na risasi za bandia hadi mkono uzoee.

Kwa .30-30, aina ya risasi inayotumika sana kwenye bunduki hizi, mi nasema usivuke mita 150 hivi, baada ya hapo risasi inashuka sana, we nyata usogee, upepo uje usoni kwako, lenga nyuma kidogo ya bega palipo na moyo na mapafu. Na ukitaka kushusha nyundo (kile chuma cha nyuma kinachopiga ili risasi iwake) taratibu kidole kisiteleze, mtutu uelekee chini mahali salama, vidole vikiwa na baridi hapo ndo pabaya.