Gauni la filamu ya njozi: kuchagua paterni na kuibadilisha

Ukitafuta paterni ya gauni la filamu ya njozi kwa kuandika jina la mhusika, utaletewa bahasha yenye picha ya kupendeza, na ndani yake gauni la kawaida lililotiwa mikono mipana. Usianzie huko. Paterni huchaguliwa kwa mistari ya mishono. Nakshi, mkanda na shanga vilivyokufanya ulipende gauni lile kwenye skrini vinakuja mwisho kabisa. Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia binti mmoja aliyetaka gauni la malkia wa msituni: mwili umebana hadi nyongani, hakuna mshono wa kiuno, sketi inamwagika sakafuni, mikono imebana mpaka karibu na kiwiko kisha inafunguka na kuning'inia hadi magotini. Nachukulia kwamba cherehani unaijua, zipu unaitia, na kupiga bandi si jambo geni kwako.

Hatua ya 1: Lisome gauni kwenye filamu

Simamisha filamu pale mhusika anapogeuka, anapoketi na anapoinua mkono. Picha za matangazo hazifai, maana nguo huenda imebanwa kwa pini mgongoni na picha yenyewe imerekebishwa. Rangi nayo usiiamini. Rangi za filamu husawazishwa upya baada ya kurekodi, na gauni la kijani linaweza kutokea la bluu kwenye tukio la usiku. Kama gauni limewahi kuwekwa kwenye maonyesho, tafuta picha zake likiwa juu ya sanamu. Hapo mishono huonekana wazi.

Jua pia kwamba gauni moja la filamu mara nyingi hushonwa nakala kadhaa: ya kusimama ukumbini, ya kupandia farasi, ya mtu anayeigiza hatari badala ya mwigizaji. Ndiyo maana mkia wa gauni unaweza kuwa mrefu tukio hili na usiwepo linalofuata. Chagua nakala moja, ushone hiyo hiyo.

Kisha jibu maswali matatu. Kuna mshono wa kiuno? Mshono wa kifuani unaanzia begani, kwenye tundu la mkono, au haupo? Sketi inaanza kupanuka kiunoni, nyongani, au chini zaidi?

Hapa kuna mtego kidogo. Magauni mengi ya filamu yanayoonekana ya Ulaya ya zama za kati hayakukatwa hivyo hata kidogo. Nguo za zama hizo zilizofukuliwa na Poul Nørlund mwaka 1921 huko Herjolfsnes, Greenland, ambazo nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark, zimepanuliwa kwa vipande vya pembetatu, kwa akili ileile ya taharizi za kanzu. Gauni la filamu kwa kawaida hupendelea mishono ya prinsesi, ile mirefu inayopita juu ya kifua na kuteremka hadi pindoni, mtindo ulioshamiri miaka ya 1870, kwa kuwa unachora kiuno vizuri mbele ya kamera. Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili lililo mbele yako, umeshatupa nusu ya paterni zisizokufaa. La binti lilikuwa mchanganyiko: prinsesi kwa juu, taharizi kwa chini.

Hatua ya 2: Chagua paterni

Angalia mabega na tundu la mkono kabla ya kitu kingine chochote. Shingo inabadilika, urefu unabadilika, sketi inabadilika, mkono unabadilika. Bega likikatwa vibaya utalihangaikia mpaka siku ya kuvaa. Mimi kati ya paterni ya "vazi la kifalme" na paterni ya gauni la ofisini lenye mishono ya prinsesi, nachukua ya ofisini bila kufikiri mara mbili. Paterni nyingi za mavazi ya kujigeuza hukatwa pana ili zimtoshe kila mtu, na nguo inayomtosha kila mtu haimkai yeyote.

Usichague saizi kwa namba ya nguo za dukani. Kwenye paterni za kampuni za Marekani kama Simplicity na McCall's, saizi 14 ya kike ni kifua inchi 36, kiuno 28, nyonga 38. Dukani mtu huyohuyo huenda ananunua namba ndogo zaidi. Pima kifua mara mbili: juu ya matiti, futi (utepe wa kupimia) ikipita chini ya makwapa, kisha penye ujazo. Tofauti ikizidi sentimita 5, chagua saizi kwa kipimo cha juu halafu upanue kifua. Ukifuata kipimo kikubwa, kifua kitaenea lakini mabega yatakuwa ya mtu mwingine.

Paterni za kampuni hizo huwa na nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 ndani yake. Za jarida la Burda hazina, unaongeza mwenyewe. Ukichanganya bodi (sehemu ya gauni inayofunika kiwiliwili) ya huku na mkono wa kule, ondoa kwanza nafasi ya mshono kwenye vipande vyote ufanye kazi kwenye mstari wa mshono wenyewe. Na kama unachapisha nyumbani, chapisha ukurasa wenye mraba wa majaribio peke yake, uupime kwa rula, ndipo uchapishe kurasa nyingine.

Hatua ya 3: Bodi ya majaribio

Shona bodi kwa kitambaa cha marekani hadi chini kidogo ya nyonga, bila mikono. Kama ndani kutavaliwa koseti, vazi la kubana kiuno, ivaliwe sasa. Rekebisha hadi ikae.

Hatua ya 4: Tundu la mkono, kisha mkono

Saa nyingi huishia hapa. Bodi ya binti ilikaa vizuri akiwa amesimama wima. Tulipotia mikono ya majaribio na yeye akainua mkono kama anayetoa amri, nguo nzima ilipanda na kiuno kikahamia mbavuni. Gauni lenye mshono wa kiuno huweza kusitiri kasoro hiyo kidogo. Lisilo nao halina pa kuificha, kinachovutwa kwapani kinavutwa hadi pindoni.

Dawa inayowajia wengi ni kulikata tundu literemke zaidi ili "mkono upumue". Ni kinyume chake. Tundu likishuka, mshono wa kwapa unakuwa mbali na pale mkono unapozungukia, hivyo kila mkono ukipanda unaubeba ubavu wa gauni. Tundu linatakiwa liwe juu, karibu na kwapa, na nafasi ya sentimita moja na nusu au mbili tu. Gundisha karatasi juu ya mishono ya ubavu, mbele na nyuma, ulichore upya. Sisi tulilipandisha sentimita 2. Pandisha na mkono kwa kiasi hichohicho pale kwapani, la sivyo vipande havitakutana.

Sasa kichwa cha mkono, ule mzingo wa juu. Kichwa kirefu huufanya mkono uning'inie nadhifu lakini unafunga bega. Kichwa kifupi hukupa uhuru, ila mkono ukiteremshwa unatoa mikunjo kwapani. Kwa malkia anayesimama tu, kichwa kirefu. Kwa mchawi mwenye fimbo, kifupishe, tena bila huruma, mikunjo hiyo haitaonekana chini ya joho.

Kufupisha bila kuharibu kipimo cha mzingo ni hivi. Kwenye karatasi ya mkono chora mstari wa wima katikati na mwingine wa kulala kutoka kwapa hadi kwapa. Kata yote miwili, lakini kwenye kila ncha acha milimita mbili hivi zisizokatwa ziwe bawaba. Vuta karatasi kwa upana. Mstari wa wima utafunguka, kingo za mstari wa kulala zitapandana, kichwa kitashuka chenyewe, na urefu wa mzingo utabaki uleule. Bandika kwa gundi ya karatasi ukiwa umeilaza mezani. Mkono utakuwa umepungua urefu kidogo, ongeza kwa chini.

Kisha pima. Simamisha futi kwa ukingo wake, uitembeze juu ya mstari wa mshono: kwanza tundu la bodi, halafu kichwa cha mkono. Kwa sufu, kichwa kinaweza kuzidi tundu kwa sentimita 3 na mvuke wa pasi ukaimeza ziada hiyo. Mahameli na satini nzito hazimezi, usizidishe sentimita 1 au moja na nusu. Ziada yote ikae juu, kati ya alama ya mbele na ya nyuma. Chini ya kwapa pawe sawa kwa sawa.

Bado kunavuta? Tia kikwapa. Mraba wa sentimita 10 kwa 10 pamoja na nafasi ya mshono, umekatwa mshazari, uingie pale mshono wa ubavu unapokutana na wa mkono. Imarisha pembe zake kwa kipande kidogo cha oganza kabla ya kuchanja kitambaa, maana pembe ndipo panapochanika. Kwenye mahameli kipige bandi kwanza na usikitegemee cherehani peke yake, vitambaa viwili vya manyoya hutelezana. Kwenye lesi inayoonyesha mwili nisingekitia, afadhali kufupisha kichwa zaidi.

Ndipo tufike kwenye ule mwanya mkubwa wa mkono, unaofunguka na kuning'inia. Gawa mkono sentimita 3 au 4 juu ya kiwiko. Ukigawa penye kiwiko chenyewe, mshono utavutwa kila mkono ukikunjwa. Kipande cha chini kichane kuanzia pindoni kuelekea juu, ukitanue. Usitanue sawasawa. Mkono ukikunjwa, kitambaa huning'inia kutoka upande wa chini wa kigasha, kwa hiyo sehemu kubwa ya upana iwekwe karibu na mshono wa chini na upande wa nyuma, na mbele utanue kidogo tu. Ukitanua sawasawa, mwanya utageukia mbele na kuingia kwenye kila kinachoshikwa. Ili kupata urefu, funga kamba kwenye kiwiko, kunja mkono, weka alama pale unapotaka ncha ifike.

Kumbuka kwamba mkono wa namna hii bitana yake huonekana kuliko nje. Chagua rangi ya pili kwa makusudi, na kitambaa kiwe chepesi: hariri nyembamba au satini laini. Mahameli ndani na nje itavuta bega lote chini. Ukihisi uzito, shona utepe wa pamba kwa ndani kutoka mshono wa bega hadi penye ule mshono wa juu ya kiwiko, mfupi kidogo kuliko mkono wenyewe, ili utepe ndio ubebe.

Hatua ya 5: Sketi

Refusha vipande vya prinsesi vitanuke kuanzia pale nyonga inapojaa, si kiunoni, halafu tia taharizi kwenye mishono. Taharizi 6 zenye kitako cha sentimita 50 zinaongeza mita 3 za pindo. Kitako kisiwe mstari ulionyooka: pima kutoka kileleni urefu uleule kwa kila pembe, upate tao.

Kama gauni lako lina mshono wa kiuno na sketi ya duara, gawanya kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Kiuno cha sentimita 72 kinatoa takriban 11.5. Lakini usikate duara kwenye mahameli. Manyoya yatalala kila upande na rangi itabadilika ukizunguka sketi. Kata vipande, vyote vikielekea upande mmoja. Manyoya yakielekea juu rangi huwa nzito zaidi, nami ndivyo ninavyokata.

Hatua ya 6: Kufunga

Waigizaji wana watu wa kuwavalisha. Wewe huenda huna. Zipu ya kujificha ubavuni kushoto, na kamba za mgongoni ziwe pambo tu.

Hatua ya 7: Pindo

Ning'iniza gauni siku nzima au zaidi, kwa kuwa sehemu za mshazari zitashuka. Sawazisha pindo mvaaji akiwa amevaa viatu vyake, sentimita 2 juu ya sakafu kwa mbele, mkia kwa kadiri ulivyouona kwenye filamu. Kwenye mahameli pinda kwa mkono, na pasi ya mvuke ipite upande wa nyuma bila kukandamiza.